Gari la Kilomita Kwenye Barabara za Maili: Safari ya Dublin, Pwani ya Antrim na Kurudi kwa Njia ya Clones

Simulizi hii nimeiandika baada ya kurudi nyumbani Dublin, kwa msaada wa daftari alilokuwa akiliandika mjomba wangu njiani na picha zilizobaki kwenye simu yangu. Mjomba ni dereva mstaafu wa malori kutoka Tanga, na alipokuja kunitembelea mwezi Agosti hakuwa na hamu ya kuonyeshwa maduka. Alichotaka kuona ni barabara na namna watu wa huku wanavyoendesha. Tukaamua kupanda kaskazini mpaka Belfast, kuifuata pwani ya Antrim, kuvuka kwenda Donegal na kurudi kwa kupita katikati ya kisiwa.

Kwa asiyekifahamu kisiwa hiki, Jamhuri ya Ireland hutumia euro na kilomita, ilhali Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hutumia pauni na maili. Jamhuri iliondoa maili kwenye vikomo vyake vya mwendo tarehe 20 Januari 2005. Gari langu ni Toyota ndogo ya usukani wa kulia kama za kwetu, na kipima mwendo chake ni cha mshale, kimeandikwa kilomita peke yake kuanzia 0, 20, 40 na kuendelea. Magari mengine yana duara la pili la maili kwa ndani, na yale yenye kioo cha kielektroniki huweza kubadilishwa kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu, lakini langu halina hata kimoja kati ya hayo mawili.

Alhamisi, 14 Agosti 2025: Dublin – Newry – Belfast

Tuliondoka saa tatu asubuhi, msongamano wa waendao kazini ukiwa umepungua, tukashika barabara kuu ya M1 ambayo kikomo chake ni kilomita 120 kwa saa. Karibu na Drogheda kuna kibanda cha tozo, euro mbili na ushei kwa gari dogo, kisha unavuka mto Boyne juu ya daraja refu la nyaya ambalo mjomba aliniomba nipunguze mwendo ili alipige picha. Kutoka hapo hadi Dundalk hakuna la kusimulia.

Baada ya Dundalk nilimwomba mjomba aache kutazama mbele, atazame pembeni mwa lami. Mpakani hapo hakuna geti, hakuna askari wala kizuizi cha aina yoyote, na mtu anayesinzia atavuka bila kujua. Lakini barabara yenyewe inasema. Mstari wa pembeni, ambao katika Jamhuri ni wa njano, unageuka kuwa mweupe. Vibao vya njia vinaacha kuandikwa kwa lugha mbili, Kiayalandi na Kiingereza. Na vibao vya mwendo, vyenye duara jekundu lile lile na namba nyeusi zile zile, vinapoteza maandishi madogo ya "km/h" ambayo Jamhuri huyaweka chini ya kila namba. Upande wa kaskazini namba imesimama peke yake, nawe unatakiwa ujue mwenyewe kwamba ni maili.

Naona Jamhuri ilifanya jambo la busara sana kuandika kipimo kwenye kila kibao. Gharama yake ni herufi chache, na mgeni anaposoma namba hana haja ya kujiuliza kwanza yuko nchi gani.

Karibu na Newry palikuwa na matengenezo ya barabara, na kibao cha 50 kilikuwa kimewekwa penye eneo wazi, hakuna nyumba wala kituo cha basi. Mjomba alikitazama, akatazama mashamba kushoto na kulia.

"Mwanangu, hamsini hii ni ya kijiji gani?"

"Hapa hakuna kijiji, mjomba. Hizo ni maili. Kwenye mshale wetu ni themanini."

Mtu aliyeendesha lori kati ya Tanga na Dar es Salaam anaijua 50 kama anavyolijua jina lake. Ni namba ya kuingia kijijini, ya watoto na bodaboda, na ya askari aliyesimama chini ya mwembe na tochi yake. Hapa namba hiyo hiyo ina maana ya mwendo wa barabara kubwa, na dereva anayeishusha hadi kilomita 50 kati ya malori yanayokwenda 80 anajiweka mahali pabaya. Watu wengi hudhani kwamba hatari ya kuchanganya vipimo ni kukimbia kupita kiasi, na hiyo ni kweli kwa anayetoka kaskazini kuja kusini na gari la maili. Kwa sisi wa gari la kilomita, hatari ni kuwa wazito kupita kiasi mbele ya watu wasiotarajia.

Mjomba alikumbuka kwamba lori alilojifunzia miaka ya sabini, Bedford lililotengenezwa Uingereza, lilikuwa na kipima mwendo cha maili, wakati vibao vya barabarani Tanzania vilikuwa vimeshakuwa vya kilomita. Tatizo letu alikwisha kuishi nalo, ila kwa kinyume. Themanini ya kibaoni, alisema, ilikuwa hamsini ya Bedford, na utingo aliyeshindwa kulikariri hilo hakuruhusiwa kugusa usukani.

Newry tulisimama kwenye gereji ndogo kuongeza upepo wa magurudumu. Mama mwenye gereji aliona namba za usajili za Jamhuri, akachungulia dashibodi, akaingia ndani na kutoka na karatasi ya vinata vya duara vyenye rangi, vidogo kuliko punje ya choroko. Alipanda kiti cha dereva, akaniuliza kama naruhusu, kisha akavibandika kimoja kimoja juu ya kioo cha kipima mwendo: cha njano penye 48, cha kijani penye 64, cha bluu penye 80, cheupe penye 96 na chekundu penye 112. Alieleza kwamba wateja wake wengi wanaishi upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, na kwamba jicho huiona rangi haraka kuliko linavyofanya hesabu. Nilipotoa pochi alikataa kabisa. Mjomba akafungua mfuko wake na kumpa kashata za nazi zilizofungwa kwenye karatasi ya magazeti ya nyumbani.

Vile vinata vilinionyesha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Katika vikomo vyote vikubwa vya kaskazini, ni 50 tu inayoangukia juu ya namba iliyoandikwa kwenye mshale wangu. Vingine vyote viko katikati ya namba, mahali ambapo jicho halina pa kushika.

*Kwa watakaofuata, kuhusu hesabu.* Chukua namba ya kibao, ongeza nusu yake, kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Thelathini, na kumi na tano, na tatu: 48. Arobaini, na ishirini, na nne: 64. Sitini, na thelathini, na sita: 96. Maili kamili ni kilomita 1.609, kwa hiyo hesabu hii inakubakisha chini kidogo ya kikomo, na hilo ni jema. Zaidi ya hayo, kanuni za utengenezaji wa magari Ulaya haziruhusu kipima mwendo kuonyesha pungufu ya mwendo halisi. Kikikosea, hukosea kwa kuzidisha. Mshale ukiwa penye 48, gari huenda linakwenda 46 au 47. Vikomo vya kawaida vya kaskazini ni maili 30 mijini, 60 kwenye barabara ya njia moja kila upande, na 70 kwenye barabara zilizotenganishwa katikati na barabara kuu za M.

Kutoka Newry hadi Belfast ni karibu maili 38, yaani kilomita 61. Nalitaja hili kwa sababu vibao vya umbali navyo ni vya maili, na abiria anayesoma 38 huanza kufunga begi mapema mno. Barabara ya A1 imetenganishwa katikati na kikomo chake sehemu kubwa ni 70, lakini ina mapengo ambamo magari hukatiza kutoka upande mmoja kwenda mwingine, tena ina vipilefti, kwa hiyo usiichukulie kama M1. Simu yangu iliyokuwa ikituongoza ilijigeuza yenyewe kwenda maili mara tulipovuka, na sauti ikaanza kutaja yadi. Belfast tulilala kwenye nyumba ya wageni, pauni 70 kila chumba pamoja na kifungua kinywa.

*Kuhusu viza.* Kutokuwepo kwa askari mpakani hakuna maana kwamba ruhusa haihitajiki. Pasipoti ya Tanzania au Kenya inahitaji viza ya Uingereza kwa ajili ya kaskazini, mbali na ile ya Ireland. Mjomba aliomba zote mbili kabla ya kuondoka nyumbani. Polisi na maofisa wa uhamiaji huweza kukagua watu ndani ya mabasi na treni, na bima ya gari pia iulizwe kabla, hasa kwa gari la kukodi.

Ijumaa, 15 Agosti: Belfast – Larne – Cushendall – Portrush

Kifungua kinywa cha huku ni sahani nzito yenye nyama ya nguruwe, mayai na mkate wa viazi uliokaangwa. Mwenye nyumba alipoambiwa kwamba mjomba hali nguruwe, hakuishia kuiondoa nyama sahanini; alitoa kikaango kingine kabatini, akakiosha mbele yetu, akakaanga mayai na mkate kwa siagi. Mjomba aliliandika jambo hili kwenye daftari kabla ya kuandika chochote kuhusu Belfast.

Barabara ya pwani ya Antrim ilijengwa kati ya miaka ya 1830 na mwanzoni mwa miaka ya 1840 chini ya mhandisi William Bald, ambaye badala ya kuipitisha juu ya milima aliwaamuru wafanyakazi waangushe miamba ya chokaa na kuilaza barabara kwenye ukingo wa bahari. Ukitoka Larne unapita chini ya tao jeusi la mwamba, na kuanzia hapo maji yako kulia kwako, karibu kiasi kwamba siku ya upepo hurushwa juu ya kioo cha mbele.

Hapa ndipo vinata vya Newry vilipofanya kazi kweli. Vijiji vimefuatana, Glenarm, Carnlough, Waterfoot, Cushendall, na kila kimoja kina 30 pa kuingilia na duara jeupe lenye mstari mmoja mnene mweusi pa kutokea. Duara hilo halina namba kabisa. Maana yake ni kwamba kikomo cha kawaida cha nchi kinaanza tena, ambacho kwa barabara kama ile ni maili 60, yaani mshale kwenye kinata cheupe. Mjomba alijipa kazi ya utingo: nikikaribia kijiji husema "njano," tukitoka husema "nyeupe," na kwa muda mrefu hakuna aliyetaja namba.

Nyuma ya Carnlough tulifuata gari dogo lenye herufi R ya rangi ya chungwa kwenye kioo cha nyuma. Huyo alikuwa dereva aliyepasi mtihani chini ya mwaka mmoja uliopita, na sheria ya kaskazini mwaka huo wa 2025 ilimwekea kikomo cha maili 45, takriban kilomita 72, popote alipo. Usimpigie honi wala usimbane. Mjomba alilisifu sana jambo hilo na akasema vijana wa Chalinze wangefaa kuwekewa herufi kama hiyo.

Baada ya Cushendun tuliiacha barabara kubwa na kushika ile nyembamba ya Torr, inayopanda na kushuka juu ya magenge ikitazama Scotland upande wa pili wa bahari. Ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hupishana kwa mmoja kurudi nyuma, na bado kisheria kikomo chake ni maili 60. Tulienda kilomita 30. Kwenye kona moja jiwe lenye ncha lilitoboa gurudumu la nyuma, na pancha hiyo ilitukalisha karibu saa nzima, kwa sababu jeki iliteleza kwenye mteremko. Mkulima aliyepita na trekta aliteremka, akaweka gogo chini ya gurudumu la mbele, akashika spana mwenyewe na kumwambia mjomba akae kwenye ukuta apumzike. Mjomba hakukaa. Walifungua nati pamoja, wazee wawili wasiosikilizana vizuri kwa Kiingereza, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa mkono.

Ballycastle tulinunua mfuko wa mwani mkavu wa zambarau unaotafunwa kama karanga. Una chumvi kali, na mtu wa pwani anauelewa mara moja. Jioni tulifika Giant's Causeway, mahali penye nguzo takriban 40,000 za mwamba wa volkano, zilizowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986. Maegesho na kituo cha wageni hulipiwa, lakini kutembea hadi kwenye mawe yenyewe ni bure. Portrush tulikula samaki na chipsi kwa pauni 14 kila mtu, na kwa kuwa jua huzama karibu saa tatu usiku mwezi huo, mjomba aliswali Magharibi ufukweni wakati ambao nyumbani watu wameshalala.

Jumamosi, 16 Agosti: Portrush – Derry – Donegal – Enniskillen

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na barabara hadi Derry haikuwa na la kutazama. Jueni tu kwamba vibao vya kaskazini huuandika mji huo Londonderry na vya Jamhuri huuandika Derry, na ni mji mmoja. Tulijaza tangi kabla ya kuvuka. Mafuta huuzwa kwa lita pande zote mbili, kwa hiyo hesabu inayobaki ni ya fedha tu: kaskazini lita ya petroli ilikuwa pauni 1.30 na ushei, Dublin niliiacha ikiwa euro 1.70 na ushei, na ukibadilisha pauni kwa kiwango cha siku hiyo kaskazini palikuwa rahisi kidogo, ila si kwa kiasi cha kumfanya mtu wa Dublin asafiri kwa ajili yake.

Tulivuka Bridgend, mstari wa njano ukarudi, na "km/h" ikarudi chini ya namba. Karibu na hapo kuna ngome ya kale ya mawe ya mviringo iitwayo Grianán of Aileach, juu ya kilima ambako unaona ghuba ya Lough Foyle upande mmoja na ya Lough Swilly upande wa pili. Kiingilio hakuna. Njia ya kupanda kilimani ni barabara ndogo ya vijijini, na pale mwanzoni nilisimamisha gari kwa makusudi ili mjomba akione kibao chake.

Ni duara jeupe lenye mistari kadhaa myembamba myeusi iliyolala mshazari. Kwa mtu anayepita kwa kasi, linafanana sana na lile la kaskazini lenye mstari mmoja mnene. La Jamhuri humaanisha kikomo cha barabara ndogo za vijijini, ambacho tangu tarehe 7 Februari 2025 kimeshushwa kutoka kilomita 80 hadi 60. La kaskazini, kwenye barabara ya aina hiyo hiyo na upana huo huo, humaanisha maili 60. Sitini na sitini. Moja ni kilomita 60 na nyingine ni karibu 97, na kati yake hakuna ila ua wa miti na mkondo wa maji. Hakuna vibao vingine vilivyonitia wasiwasi kiasi hiki, kwa sababu hapa hata mtu aliyekariri namba vizuri hatasalimika kama hajui yuko upande gani. Nawasihi wote watakaoendesha maeneo ya mpakani: kwenye barabara ndogo, tafuteni kwanza rangi ya mstari wa pembeni au lugha ya vibao, ndipo mkanyage mafuta.

Foleni ya Letterkenny ilitupotezea dakika 40. Baada ya Ballybofey barabara inapita Barnesmore Gap, kati ya milima miwili, na mvua iliacha pale. Donegal tulikula supu ya samaki na mkate wa ngano wa rangi ya kahawia, euro 11, na mhudumu alituongezea mkate bila kuombwa. Ballyshannon hadi Belleek ni mwendo mfupi tu, na hapo tukawa tena kwenye maili. Mjomba alikuwa ameshasema "nyeupe" kabla sijafungua kinywa. Barabara ya A46 inafuata ziwa la Lower Lough Erne mpaka Enniskillen, na tuliikuta tupu.

Jumapili, 17 Agosti: Enniskillen – Clones – Cavan – Dublin

Nilichagua njia ya kurudi kwa ajili ya kipande kimoja tu, kile cha kutoka Clones kwenda Cavan. Ramani ya mpaka imejikunja mahali hapo, na barabara hiyo moja inaukata mara nne ndani ya kilomita chache. Katika Jamhuri inaitwa N54 na kaskazini inaitwa A3, kwa hiyo unapoendesha bila kukata kona popote, jina la barabara, rangi ya mstari, fedha ya maduka na kipimo cha mwendo vinabadilika na kurudi, vinabadilika na kurudi.

Mjomba alifungua daftari tayari kuhesabu. Mstari ukawa mweupe, akaandika. Ukawa wa njano, akaandika. Lakini mshale haukusogea. Wakati wa safari yetu kikomo cha kawaida cha barabara za N kilikuwa kilomita 100, na maili 60 ya A3 ni 97, hivyo mahali palipoonekana pagumu kuliko pote kwenye ramani, dereva aliweza kushikilia kinata cheupe mwanzo hadi mwisho na kuwa ndani ya sheria kote. Wakati mpaka huu ulikuwa na vizuizi vya kijeshi, kabla ya makubaliano ya amani ya 1998 na miaka iliyofuata, njia hii haikupitika kirahisi hivi. Tulipishana na mwendesha baiskeli aliyebeba mtoto, na sidhani kama alitambua amepita nchi ngapi.

Cavan tulikunywa chai. Baada ya hapo ni N3 na kisha M3, yenye vibanda viwili vya tozo, kwa hiyo wekeni sarafu za euro karibu, si pauni. Tuliingia Dublin saa kumi na mbili jioni. Mafuta yote yaligharimu kama euro 85 kwa zaidi ya kilomita 700, na malazi ndiyo yaliyokula fedha nyingi, kwa kuwa Agosti vyumba vya pwani hupanda bei na visipowekwa mapema havipatikani. Wenye nafasi waende Mei au Septemba.